Homa Imeshuka, Amepona?

(Hotuba niliyoitoa Muheza, Siku ya Malaria Duniani, tarehe 25 Aprili, mbele ya wazazi, wanafunzi wa sekondari na wahudumu wa afya wa jamii. Ambao hawakufika waliniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, na majibu ya watu nimeyaacha kwenye mabano.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, habari za asubuhi. Wanangu wa sekondari, hamjambo? Na ninyi wahudumu wa afya mnaopanda milima kwa miguu na mkoba begani, poleni na kazi.

Mlipoingia mmeona beseni pale mlangoni. Wiki iliyopita niliomba mabalozi wawaambie kila anayekuja apekue kabati, apekue chini ya godoro, apekue mkoba wa bibi, na alete vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani. Sikusema ni vya nini. Nashukuru mmeleta hata bila kuuliza. Vijana wawili wanavihesabu huko nyuma, tuwaache wahesabu.

Mimi nina swali. Usiku wa manane mtoto anachemka. Mama, unafanya nini? (“Namkanda na maji!”) Vizuri. Mwingine? (“Panadoli!”) Haya, umemkanda, umempa Panadoli, kumekucha, mwili umepoa, anadai uji. Amepona?

(Kimya.)

Mnaona? Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, na lugha yetu imechangia kututelezesha. Tukisema “fulani ana homa”, tunaweza kuwa na maana kwamba mwili wake una joto, au kwamba ana malaria. Mambo mawili tumeyapa jina moja. Ni kama tungeuita moshi na moto kwa neno moja: moshi ukipungua, kila mtu angerudi kulala, na nyumba ingeteketea.

Leo nimekuja na habari ya jani moja la Uchina. Jani hilo lilisifiwa kwa karne nyingi kwamba linashusha homa, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini nikishamaliza mtaniambia wenyewe kama sifa hiyo ni baraka tupu.

Wachina wanaliita *qinghao*. Kwa kisayansi ni *Artemisia annua*, na wengi mnalijua kwa jina la artemisia tu. Ni la jamaa moja na ile pakanga ya kwenye Biblia, ya Mithali na ya Ufunuo, inayotajwa kwa uchungu wake. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, yananukia ukiyafikicha, na ukiyatafuna utajuta.

Karibu mwaka 340 baada ya Kristo, aliishi huko mtu aitwaye Ge Hong. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia mmoja wa wale waliotafuta dawa ya kuishi milele, ambayo bila shaka hakuipata. Lakini aliandika kitabu cha tiba za dharura, kidogo kiasi cha mtu kukibeba kwenye mkono wa joho lake. Aliwaandikia watu wa kawaida: ukiwa njiani, huna tabibu, ugonjwa umekushika, chukua mmea huu, fanya hivi. Kwa homa za kutetemeka, zile zinazokuja na baridi na kurudi tena na tena, aliandika maneno yasiyofika mistari miwili. Chukua konzi moja ya qinghao, loweka kwenye maji vipimo viwili, kamua, kunywa maji yote.

Nataka mlishike neno moja hapo. Amesema chemsha? (“Hapana!”) Amesema pika? (“Hapana!”) Amesema nini? (“Loweka! Kamua!”) Lishikeni hilo.

Sasa turuke miaka 1,600 na ushei. Mwaka 1967 Vietnam iko vitani. Wanajeshi wa Vietnam Kaskazini wanapita misituni, na mbu wanawamaliza. Klorokwini, dawa iliyotegemewa dunia nzima, imeanza kushindwa. Wakaomba msaada Uchina. Tarehe 23 Mei mwaka huo ukaitishwa mkutano Beijing, na mradi wa siri ukapewa jina la tarehe hiyo: 523. Wataalamu mamia wakaingizwa kazini. Uchina yenyewe ilikuwa ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, maprofesa wanadhalilishwa, wasomi wanapelekwa mashambani kulima.

Januari 1969 mradi ukamfikia mwanamke wa miaka 38, mfamasia mwenzangu, aitwaye Tu Youyou. Hakuwa na shahada ya udaktari. Hakuwahi kusoma nje ya nchi. Mumewe alikuwa amepelekwa mashambani. Akaambiwa aongoze kikundi na aende kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, akaione malaria kwa macho yake. Binti yake mkubwa alikuwa na miaka minne hivi, akamwacha kwenye kituo cha kulelea watoto. Mdogo akampeleka kwa babu na bibi, Ningbo. Akina mama mnaelewa maana yake. Baadaye alisimulia kwamba aliporudi, binti yake hakumtambua.

Alianzaje kazi? Hakuanzia kwenye mashine. Alikwenda kwa wazee. Alizunguka kwa matabibu wa jadi, akafunua vitabu vya kale, akaokota tiba zaidi ya 2,000, akachambua 640 na kuziandika kwenye daftari. Kikundi chake kikachukua mimea kama 200, kikapata kamuo zaidi ya 380, kikazijaribu kwa panya wenye malaria. Nyingi hazikufanya kitu. Qinghao ilitoa matumaini mara moja, ikapunguza vimelea kwa asilimia 68. Wakafurahi. Wakarudia, ikashuka mpaka asilimia 40. Wakarudia tena, 12.

Wangapi hapa mngeendelea? Mimi nadhani ningeutupa ule mmea nikachukua mwingine.

Yeye akarudi kwenye vitabu. Akalisoma tena lile neno la Ge Hong: konzi moja, loweka, kamua. Akajiuliza swali ambalo kila mmoja wetu angeweza kujiuliza, ila hakuna aliyejiuliza: kwa nini huyu mzee hakuchemsha? Dawa nyingi za Kichina huchemshwa, kama zetu. Huyu kwa nini kakamua? Labda moto unaiharibu dawa. Akaacha maji ya moto, akachukua etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, chini hata ya joto la mwili wako. Akatumia majani peke yake. Akaondoa sehemu iliyokuwa na asidi na sumu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191. Panya wote wakawa safi. Si asilimia 68, ni 100. Kisha kima. Asilimia 100.

Viwanda vya dawa wakati huo vilikuwa vimesimama kwa ajili ya vurugu za siasa. Ili wapate dawa ya kutosha, walinunua mitungi mikubwa ya maji ya majumbani wakaloweka majani humo kwa etha, kwenye vyumba visivyo na hewa. Watu waliugua, Tu mwenyewe aliugua ini. Julai 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake wawili walilazwa hospitali kwa hiari na kuinywa wao kwanza. Baada ya hapo ndipo walipokwenda Hainan, wakawapa wagonjwa 21. Homa zikashuka, na wakipima damu vimelea havionekani. Mwishoni mwa mwaka huo wakapata chembe nyeupe, safi, kama chumvi ya mezani. Ndiyo artemisinini.

Mwaka 2015 mama huyu akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa na miaka 84. Na sikilizeni hili, maana linanifurahisha kila nikilisema: jina lake Youyou baba yake alilitoa kwenye shairi la kale la Kichina, linaloeleza swala wanavyolia “yu yu” wakila majani ya porini. Beti moja mbele, wale swala wanakula *hao*. Aliitwa hivyo mwaka 1930, miaka arobaini kabla ya sampuli 191. Mnaoamini majina hubeba mtu, hilo nawaachia.

Sasa tuje kwenye homa yenyewe. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu kinafanya karamu. Kinakula, kinazaliana, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka na wote wanamwagika kwenye damu pamoja na uchafu wao. Mwili ukionja ule uchafu unapiga kengele. Kengele hiyo ndiyo homa. Panadoli inaifunga kengele kitambaa isisikike. Inasaidia, mtoto analala, simzuii mtu. Ila mwizi bado yuko ndani.

Artemisinini inamwendea mwizi. Chakula cha kimelea ni ile rangi nyekundu ya damu, na ndani yake kuna madini ya chuma. Artemisinini ina oksijeni mbili zilizoshikana kama daraja. Daraja likigusana na kile chuma linavunjika, na kuvunjika kwake kunaunguza kila kilicho karibu. Aliye karibu ni nani? (“Kimelea!”) Na kadiri alivyokula sana, ndivyo alivyojikusanyia chuma. Ulafi wake unamwua. Ndiyo maana homa inashuka haraka hivyo, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Ge Hong hakujua kimelea ni nini. Aliona homa inashuka, akaandika homa inashuka.

Lakini naomba tufanye hesabu. Wanafunzi, nisaidieni. Mtu mzima aliyezidiwa na malaria anaweza kuwa na vimelea trilioni moja mwilini. Moja na sifuri ngapi? (“Kumi na mbili!”) Dawa hii, katika mzunguko mmoja wa saa 48, inabakiza kimoja katika kila 10,000. Ondoeni sifuri nne. Zimebaki? (“Nane!”) Moja na sifuri nane ni milioni mia moja. Sasa mtazameni mtu huyo siku ya pili. Homa hana. Ugali anakula. Anasema niazime baiskeli niende sokoni. Na damuni mwake kuna vimelea milioni mia moja! Mzunguko wa pili, ondoeni sifuri nne nyingine, vimebaki elfu kumi. Bado wapo.

Tena dawa hii ina udhaifu wake: haikai. Saa chache baada ya kumezwa imekwisha damuni. Kwa hiyo ikaozeshwa mwenzake, lumefantrini, anayekaa siku kadhaa. Mmoja anafyeka pori, mwingine anang'oa visiki. Ndiyo maana ya neno mseto. ALu ndiyo hiyo: mtu mzima vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Na mmeze na chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Watu wa Tanga kwa hilo Mungu ametupendelea, wali wa nazi upo.

(Mzee mmoja: “Na ile chai ya majani yake?”)

Nilijua utauliza, mzee wangu. Nina jirani, mwalimu mstaafu, amepanda artemisia uani. Nampenda na ni mtu msomi. Alipopata malaria alichemsha majani yake, akanywa wiki nzima. Siku ya tatu akanipigia simu ananicheka: “Homa hakuna, uza vidonge vyako kwa wengine.” Wiki ya tatu nilimkuta kajifunika blanketi mchana wa jua kali. Tukamchukua zahanati, tone la damu, mistari miwili kwenye kipimo. Chai ilifyeka kidogo. Visiki vikachipua.

Tatizo ni nini? Artemisinini haipendi maji, inayeyuka kidogo sana. Mmea mmoja una dawa nyingi, mwingine karibu hauna. Wanasayansi wamejaribu njia za kale na kuona kwamba kutwanga majani mabichi na kuyakamua hutoa dawa nyingi zaidi kuliko chai, kwa hiyo Ge Hong alijua alichokuwa anakisema. Hata hivyo hakuna mtu anayeweza kukuambia konzi yako ya leo ina miligramu ngapi, na hakuna lumefantrini ndani yake ya kung'oa visiki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wazi kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au unga wa artemisia. Sisemi hivyo kwa kuwadharau waganga wa jadi. Tu Youyou angewadharau, leo tusingekuwa na dawa. Ila yeye alikwenda kwa wazee, akarudi, akapima.

(Kijana: “Ile ya Madagaska je?”) Ile dawa ya korona ya Mei 2020, ambayo ndege ilitumwa kuifuata? Mmea ulikuwamo, ndiyo. Lakini korona haili damu wala haikusanyi chuma. Tuendelee.

Ninyi watu wa Muheza mna sehemu yenu kwenye habari hii, na sijui kama mnaambiwa. Hapo juu Amani Wajerumani walipanda miti ya mkwinini, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia magome yake yakawatibu askari wao walipokatiwa njia ya bahari. Kwinini ndiyo iliyokuja kuwa sindano ya malaria kali kwa miaka mingi. Waliochomwa wanaikumbuka: masikio yanavuma kama nyuki. Basi miaka ya 2000 utafiti mkubwa ukafanyika katika nchi 9 za Afrika, watoto 5,425 wenye malaria kali, nusu kwinini, nusu artesuneti, ambayo ni mtoto wa jani la qinghao. Muheza na Korogwe walikuwamo. Matokeo yakatoka 2010. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walifariki 109. Waliopewa artesuneti, 85. Watoto 24 zaidi katika kila 1,000 walirudi nyumbani. Baadhi ya watoto wale walikuwa wa kwenu, na leo dunia nzima inatibu kwa kilichoonekana kwao.

Nilipokuwa mdogo, mtoto akipata degedege tuliambiwa asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa. Alifukizwa mavi ya tembo. Mdogo wangu alifukizwa. Sitasimulia zaidi ya hapo, ila nawaomba: mtoto akikakamaa, macho yakageuka, siku hiyo si ya kujadiliana na majirani.

Nimalizie na jambo linalonikosesha usingizi. Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini? (Kicheko.) Nani aliwashwa mpaka akajikuna kwa gunzi? Naona mikono. Ilikufa. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha, tukaingia SP, dawa ya sulfadoksini na pirimethamini. SP nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 tukaingia ALu, wenzetu Zanzibar wakiwa wametutangulia na mseto wao tangu 2003. Miaka mitano tu SP ilitushika mkono! ALu imetubeba karibu miaka ishirini. Lakini kule magharibi mwa Kambodia, vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vilianza kuonekana zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Mwaka 2020 Rwanda ikatangaza vyake. 2021, kaskazini mwa Uganda. Na sasa Kagera, Karagwe huko, vimeonekana. Angalieni ramani. Kutoka Kambodia mpaka hapa kuna bahari. Kutoka Karagwe mpaka hapa kuna basi.

Lumefantrini iliyo ndani ya ALu bado inafanya kazi, wagonjwa bado wanapona, msitishike mkaacha dawa. Lakini vimelea vinajifunza wapi? Vinajifunza kwa mtu wa siku ya pili, yule wa baiskeli. Yule mwenye milioni mia moja damuni, ambaye homa imeshuka, akasema vidonge hivi vichungu vinatosha.

Vijana, mmemaliza kuhesabu? Leteni beseni hapa mbele.

Jamani. Sitasoma hesabu, nitainua moja moja mtazame. Hii ya mtu mzima: safu ya siku ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya tatu imejaa. Hii: ya tatu imejaa. Hii: jioni ya siku ya pili na ya tatu yote. Hii ni ya mtoto mdogo, ya vidonge sita. Vimebaki viwili, vya siku ya tatu. Hii siku ya tatu. Hii siku ya tatu.

Na hii imefungwa vizuri ndani ya kipande cha kanga, mwenyewe ameandika juu kwa kalamu: “Ya Juma, akiumwa tena.”

Juma yupo hapa?

(Mvulana kama wa darasa la tano, kule nyuma karibu na dirisha, akanyanyua mkono.)

Uliumwa tena, baba?

(“Mara mbili.”)